Kwa Nini Nyumba ya Unga Haifungwi kwa Kuvunja Mlango

Polisi wamekuja Alhamisi usiku kwenye nyumba inakouzwa unga, yaani heroini, wamevunja mlango, wamepakia vijana kwenye gari. Ijumaa watu wanatoka msikitini wakipeana mikono kwa furaha. Jumatano inayofuata, baada ya isha, mlango uleule umeegeshwa na wateja wanaingia mmoja mmoja kama zamani. Kisa hiki ukianza kukisimulia popote Malindi, iwe Shella, Barani, Maweni au Kisumu Ndogo, atatokea mtu akumalizie, kwa sababu amekiona kwao.

Jibu la haraka mtaani ni kwamba polisi wamekula hongo. Kuna mahali ambapo jibu ni hilo hasa, na Bunge lenyewe, liliporekebisha sheria ya mihadarati mwaka 2022, lilimwekea adhabu kali afisa wa serikali anayemsaidia mlanguzi. Lakini jibu hilo halitoshi. Hata OCS, mkuu wa kituo cha polisi, akiwa mwadilifu na vijana wake wakafanya kazi kwa moyo, nyumba inaweza kufunguliwa tena baada ya siku chache. Tunachanganya vitu vitatu: anayeuza, anayenunua, na nyumba yenyewe. Msako unamwondoa anayeuza kwa siku kadhaa na anayenunua kwa usiku mmoja. Nyumba haiguswi.

Tuanze na nyumba basi. Maskani ya unga hapa kwetu mara nyingi ni chumba kimoja tu ndani ya nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma kwenye jiko, bafu na choo. Kila chumba kina mpangaji wake. Anayeuza hupenda chumba cha mwisho, kile kinachopakana na uani, kwa sababu akisikia kishindo barazani ana mlango wa nyuma, ukuta mfupi na kichochoro. Mbele anakaa kijana na simu, kama mtu anayepunga upepo. Kete zenyewe, vikaratasi vilivyokunjwa vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, hazikai pamoja. Chache ziko mfukoni mwa anayehudumia, nyingine zimefukiwa uani, nyingine zimefungwa kwenye pindo la leso ya mwanamke anayekaa jikoni kama mwenye nyumba. Hilo la leso limefikiriwa. Sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, tena kwa staha, kwa hiyo kikosi kikija bila askari wa kike, leso inabaki kama ilivyo.

Na katika vyumba vingine vya ukumbi huohuo wanaishi watu wasiohusika kabisa. Fundi wa pikipiki. Mama anayekaanga mahamri alfajiri. Kijana anayesomea ualimu. Hawa ndio wanaojua kila kitu na ndio wenye sababu kubwa ya kunyamaza, maana usiku wanatumia choo kimoja na yule wanayetakiwa kumshtaki.

Sasa polisi wanaingiaje humo kihalali? Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake kiholela. Njia ya kawaida ni kibali cha hakimu chini ya kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Afisa anaapa mbele ya mahakama kwamba ana sababu ya kuamini kuna kitu cha haramu mahali fulani, na hakimu anaandika mahali hapo. Kifungu kinachofuata kinasema kibali kitumike kati ya macheo na machweo, isipokuwa hakimu ameruhusu saa nyingine. Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa inampa afisa nafasi ya kuingia bila kibali pale ambapo kusubiri kungeharibu ushahidi, lakini lazima ajitambulishe na aseme kilichomleta. Wengi wetu tunaona masharti haya kama kikwazo anachowekewa polisi ili pusha, yaani muuzaji, aponee. Mimi nayaona tofauti. Kifungu cha 50 cha Katiba kinaitaka mahakama iutupe ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu, iwapo kuukubali kutaifanya kesi isiwe ya haki au kuidhuru haki kwa ujumla. Kwa hiyo afisa anayeingia kwa fujo, akapekua vyumba vyote sita kwa kibali cha chumba kimoja, ndiye anayemwandikia wakili wa pusha utetezi wake.

Tuseme ameingia vizuri na amepata kete ishirini. Kazi ndiyo inaanza. Sheria ya mihadarati inataka mzigo upimwe uzito na sampuli ichukuliwe mbele ya mshukiwa inapowezekana, akiwapo mtaalamu wa uchunguzi. Sampuli inahitaji ripoti ya Mkemia wa Serikali, ambaye maabara yake ya pwani iko Mombasa, kilomita 120 hivi kutoka hapa. Wakati huohuo Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na inampa haki ya dhamana isipokuwa kuna sababu nzito ya kumnyima. Hapo ndipo watu wa mtaani wanapomwona kijana amerudi na kuamini kesi imeuzwa. Mara nyingi kesi iko palepale na kijana yuko nje kwa dhamana, akisubiri tarehe. Tofauti hiyo ni kubwa kisheria, ila kwa mama wa mahamri haina maana yoyote, kwa sababu usiku ule ule anasikia nyayo ukumbini.

Swali la kama msako wenyewe unafanya kazi lilipimwa kwa makini huko Kansas City, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wachunguzi walichukua karibu sehemu 200 za mitaa zenye malalamiko ya mara kwa mara, wakazigawa kwa kura. Nusu ya sehemu hizo zilikuwa na nyumba zilizovamiwa kwa kibali cha mahakama baada ya askari wa siri kununua dawa ndani, nusu nyingine ziliachwa. Kwenye sehemu zilizovamiwa simu za malalamiko zilipungua kidogo, na ndani ya wiki mbili hivi nafuu ikawa imeyeyuka. Wale walikuwa polisi wenye magari, maabara na mahakama za karibu. Muda wao wa nafuu ulizidi kwa siku chache tu ule tunaousimulia sisi, Alhamisi hadi Jumatano. Kwangu mimi hilo linaondoa mjadala wa kama polisi wetu ni wavivu au hodari. Msako ukiachwa peke yake, popote duniani, unanunua siku chache tu.

Nani basi hubaki kizuizini? Angalia gari la polisi linapoondoka. Mara nyingi waliokaa nyuma ni mateja, yaani waraibu, watu waliokwenda kununua kete moja ya kuondoa arosto, maumivu ya kukosa dawa. Kuwakamata ni rahisi kisheria. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Dawa za Kulevya na Vitu Vinavyoathiri Akili, ya mwaka 1994, ndiyo ile sheria ya mihadarati, kinamtia hatiani anayetumia, na pia anayekutwa bila sababu ya maana ndani ya nyumba au chumba ambacho watu hukusanyika kutumia dawa. Kwa msemo wa mtaani, ukikutwa umeingia. Pusha mwenyewe, aliyekuwa na mlango wa uani, hakukutwa.

Lakini kifungu hichohicho cha 5 kina sehemu nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha kwenye mabaraza yetu. Kinamtia hatiani pia mwenye nyumba, mkaazi wake au anayeisimamia, akiruhusu nyumba itumike kwa kuvuta, kunusa au kutumia dawa kwa namna yoyote, au kwa kuziuza na kuzisambaza. Sheria ilipoandikwa iliweka faini ya shilingi 250,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Mtu anayepokea kodi ya chumba kila mwezi, akijua kinachofanyika ndani, amesimama kwenye kifungu kimoja na teja aliyekwenda kununua.

Uzito wote uko kwenye neno kuruhusu. Mwenye nyumba akisema hakujua, mwendesha mashtaka lazima athibitishe alijua. Na hili linathibitishwa kwa kitu cha kawaida mno, nacho ni barua. Afisa akimwandikia mwenye nyumba kwamba tarehe fulani polisi walikamata heroini kwenye chumba fulani cha nyumba yake, akasaini kwamba amepokea, basi kuanzia siku hiyo hawezi kusema hakujua. Kodi ya mwezi unaofuata inakuwa ushahidi dhidi yake.

San Diego, jimbo la California, Marekani, walilijaribu jambo hili katika miaka ya 1990. Nyumba za kupanga ambazo polisi walikuwa wameshakamata dawa ndani yake ziligawanywa makundi matatu. Wenye nyumba wa kundi la kwanza hawakufuatwa zaidi. Wa pili walipata barua ya polisi. Wa tatu waliitwa kukutana uso kwa uso na afisa wa polisi na mkaguzi wa majengo wa manispaa, wakapewa mpango wa nyumba yao waufuate. Kundi la tatu ndilo lililowatoa wapangaji wauzaji kwa wingi zaidi, na uhalifu ulioripotiwa kwenye nyumba zake ulipungua kuliko kwa wengine. Barua pekee ilikuwa na nguvu ndogo. Oakland, jimbo hilohilo la California, polisi walikuwa wameanza tangu mwaka 1988 kuzunguka na wakaguzi wa afya, moto na majengo, wakiwalazimisha wenye nyumba kutengeneza milango, kuweka taa, kusafisha uani na kuchuja wapangaji. Lililowashangaza wengi ni kwamba uuzaji haukuhamia tu nyumba ya jirani kama ilivyohofiwa. Sehemu za karibu nazo zilipata nafuu.

Njia hii haihitaji sheria mpya hapa Kenya. Afya ya umma iko mikononi mwa kaunti, na Sheria ya Afya ya Umma inamruhusu afisa wa afya kumpa mwenye nyumba ilani ya kuondoa kero: choo kilichofurika, chumba kilichojazwa watu, uchafu. Akikaidi, hakimu anaweza kuamuru nyumba isikaliwe mpaka itengenezwe. Zaidi ya hapo, Jedwali la Nne la Katiba linaorodhesha udhibiti wa dawa za kulevya miongoni mwa kazi za kaunti. Wakazi wengi wa kaunti yetu ya Kilifi tunamlaumu OCS kwa kila kete inayouzwa, kumbe gavana na maafisa wake wa afya nao wana jukumu lililoandikwa kwenye Katiba. Mwaka 2024 kaunti yetu ilipopiga marufuku muguka, majani yanayotafunwa kama miraa, kelele zilijaa nchi nzima na kesi ikaenda mahakamani. Ningependa kuona robo ya ari ile ikielekezwa kwenye vyumba vya uani, ambako mlango hauhitaji marufuku ya kaunti nzima bali ilani moja yenye anwani.

Ila hapa Malindi swali la nani mwenye nyumba lina mafundo yake, na afisa asiyeyajua atapeleka barua pasipo. Pwani yetu ina desturi ya nyumba bila ardhi. Mtu anajenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine, analipa kodi ya ardhi kila mwezi, nyumba ni yake na ardhi si yake. Jina lililo kwenye hati miliki ni la mwenye shamba, ambaye huenda hajawahi kuona chumba hata kimoja. Ukimshtaki huyo umemwonea. Mwenye nyumba wa kweli hana hati yoyote ila karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mzee wa mtaa. Chini yake yuko anayekusanya kodi, pengine mpwa wake, na huyu ndiye anayejua nani amelala chumba gani. Sheria inasema mwenye nyumba, mkaazi au msimamizi, kwa hiyo mpwa anashikika. Lakini mtu wa kumpata jina lake si karani wa ardhi. Ni mzee wa mtaa, na mzee wa mtaa anaogopa.

Lamu fundo hilo linakazwa zaidi. Nyumba za mawe za mji wa kale zimeshikana ukuta kwa ukuta, nyingine zimeunganishwa juu kwa wikio, chumba kilichovuka juu ya kichochoro, na mtu akipanda darini anaweza kushukia nyumba ya tatu. Hakuna gari linaloingia, kwa hiyo askari wanaotembea kutoka ufukweni wanatangulizwa na habari zao. Nyingi ni nyumba za urithi ambazo hazijagawanywa: binti aliyepewa nyumba alipoolewa ameshafariki, wanawe wako Mombasa, Jeddah na Nairobi, na nyumba imebaki na mjukuu mmoja aliyeingia kwenye unga. Mirathi hiyo ni kazi ya mahakama ya kadhi, na mpaka igawanywe hakuna mrithi mmoja anayeweza kusema kwa kinywa kipana, mimi ndiye mwenye nyumba, mtoeni. Wala hakuna anayeweza kuibomoa au kuziba mlango kwa saruji usiku mmoja. Mji wa kale wa Lamu unalindwa kama turathi ya taifa, na tangu 2001 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Katika hali hiyo imamu anayewapigia simu warithi wote anaweza kufanya kazi kubwa kuliko kikosi cha askari kumi.

Uingereza walikutana na jambo linalofanana na la mjukuu yule. Wauzaji walikuwa wakiingia kwenye nyumba za watu dhaifu, mgonjwa wa akili, mzee mpweke, mraibu anayedaiwa, wakaigeuza maskani na mwenyewe akawa mateka kwake. Sheria yao ya mwaka 2003 ikampa ofisa mwandamizi wa polisi uwezo wa kutoa ilani ya kufunga nyumba kama hiyo. Kesi inafika kwa hakimu ndani ya saa 48, na hakimu anaweza kuifunga kwa miezi mitatu, ikaongezwa hadi sita. Sheria ya 2014 ikachukua nafasi yake na kulibakiza wazo. Nguvu yake ni kwamba nyumba inafungwa bila kusubiri mtu ahukumiwe. Udhaifu wake ni kwamba aliyekuwa mateka naye anajikuta nje na mzigo wake. Sheria yetu ya 1994 haina amri ya namna hiyo, na kabla mtu hajaomba Bunge liilete, afikirie kwanza mama wa mahamri na wenzake wa ukumbi uleule watalala wapi kwa miezi mitatu.

Kumtoa mpangaji mmoja pekee pia kuna utaratibu. Kwa nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, sheria ya kudhibiti kodi haimruhusu mwenye nyumba kumtupia mpangaji vyombo nje. Lazima apate amri ya baraza la kodi. Kupatikana na hatia ya kutumia nyumba kwa jambo la haramu, au kuwa kero kwa majirani, ni sababu inayokubaliwa. Ndiyo maana kumbukumbu za kesi zina faida hata pale faini ilipokuwa ndogo. Hukumu dhidi ya pusha ni karatasi ambayo mwenye nyumba anaweza kuitumia kumtoa.

Kwa majumba makubwa sheria ni nyingine kabisa, na ni vizuri tusiyachanganye. Malindi haijasahau Desemba 2004, kokeini zaidi ya kilo 300 ilipokamatwa kwenye jumba la kifahari hapa mjini, na nyingine zaidi ya kilo 800 kwenye bohari ya makontena Embakasi, Nairobi. Nyumba ya aina ile haina mlango wa uani wala kijana wa barazani. Ina ukuta, bustani na mtunzaji. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Mapato ya Uhalifu mwaka 2009, Mamlaka ya Kurejesha Mali inaweza kwenda Mahakama Kuu na kuomba mali iliyonunuliwa kwa fedha za dawa, au iliyotumika kutendea uhalifu, izuiwe isiuzwe, kisha ichukuliwe na serikali. Kesi hiyo ni ya madai, si ya jinai. Haihitaji kwanza mtu afungwe, na kipimo cha ushahidi ni kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa. Silaha hiyo ni kali na inafaa kwa anayejenga ghorofa kwa fedha asizoweza kuzieleza. Kuielekeza kwa bibi mwenye vyumba sita, ambaye kodi ndiyo dawa yake ya sukari, kungekuwa dhuluma.

Yote haya yanaanza na mtu kusema. Mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kulinda usalama wao kwa vikundi, ulioletwa na serikali mwaka 2013 kwa kufuata mfano wa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania, ulikusudiwa kuziba pengo hilo. Kwenye mtaa ambako kila mtu ni shemeji wa mwenzake, mkutano wa Nyumba Kumi wenye ajenda ya unga hauwezi kuwa siri. Jina la msemaji linafika kwa pusha kabla chai haijapoa. Nimewasikiliza wazee wanaofanikiwa, na mwenendo wao unafanana: hawaendi kituoni mtu mmoja, hawataji jina la mtu, na hawaripoti kwa mdomo. Wanakwenda kundi, watu wa msikiti mmoja au kina mama wa chama, na karatasi yenye tarehe na saa: lini watu wengi huingia, mlango gani, pikipiki gani huleta mzigo. Wanaomba taarifa iandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, na wanaondoka na namba yake. Namba hiyo ndiyo inayomfanya afisa ajue kwamba jambo hili litaulizwa tena, na asipolishughulikia kuna IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi, ya kupelekewa malalamiko, ukiwa na tarehe mkononi. Karatasi ya saa na milango pia ndiyo inayompa afisa mwaminifu kitu cha kuapia mbele ya hakimu. Bila hiyo anakwenda kubahatisha, na akibahatisha anabeba mateja.

Kuna wanaochoka na haya yote wakaamua kuchoma nyumba. Naelewa hasira yao, nimewaona mama wanaofunga milango ya kabati kwa kufuli ndani ya nyumba zao wenyewe kwa sababu mtoto anauza sufuria. Lakini kuchoma nyumba ni kosa ambalo Kanuni ya Adhabu inaliwekea kifungo cha maisha, na moto wa nyumba ya makuti haubagui chumba. Atakayebaki bila paa ni fundi wa pikipiki. Pusha atapanga kwingine mwisho wa mwezi.

Inabaki upande wa anayenunua, na huu ndio ninaotaka polisi waufikirie kabla ya kupanga siku ya msako. Heroini haiachwi kwa kukosekana. Mtu aliyezoea kila siku akikosa anashikwa na arosto: tumbo linasokota, mifupa inauma, jasho na kutapika, usingizi hauji. Maskani ikifungwa ghafla wateja hao hawatoweki. Wanatawanyika kwenye magofu na vichaka, sindano inapita mikono mingi zaidi, na wahudumu wa afya waliokuwa wakiwafikia pale maskani hawajui tena pa kuwatafuta. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini vinapata njia hapo.

Malindi ina bahati ambayo miji mingi ya Kenya haina. Omari Project imekuwa ikiwahudumia waraibu wa heroini hapa tangu miaka ya 1990, na mwaka 2015 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika hospitali ya Malindi, miongoni mwa za kwanza nchini. Methadoni ni dawa ya kunywa, hutolewa bure, na mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Inazuia arosto bila kumlewesha mtu, na kidogo kidogo mtu anarudi kazini. Kliniki hiyo ikishirikishwa inaweza kufunga nyumba kwa namna ambayo kibali cha upekuzi hakiwezi, kwa kuiondolea wateja. Kinachoivuruga ni askari wanaosimama njiani asubuhi na kuwakamata waraibu wakienda kunywa dozi, kwa kuwa wanajulikana kwa sura. Aliyekamatwa akikosa dozi siku moja, jioni anarudi kwenye chumba cha uani.

Polisi wa High Point, mji mdogo wa North Carolina, Marekani, walilichukua wazo la kutenganisha watu mwaka 2004. Walikusanya ushahidi dhidi ya wauzaji wote wa mtaa mmoja kwa miezi. Wenye rekodi ya ukatili walikamatwa na kushtakiwa. Wadogo waliitwa mkutanoni pamoja na mama zao, bibi zao na viongozi wa dini, wakaonyeshwa kesi zao zikiwa tayari na kuambiwa: ukiacha leo faili linabaki kabatini, ukiuza kesho linakwenda mahakamani, na hawa hapa watakusaidia kupata kazi na matibabu. Soko la wazi la mtaa ule lilivunjika. Sisi tuna ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ambayo kifungu cha 157 cha Katiba kinaipa uamuzi wa kushtaki au kutoshtaki, tuna misikiti na makanisa yanayojua kila familia kwa jina, na tuna kliniki umbali wa kutembea. Mkutano wa namna hiyo unaweza kufanyika Malindi katika ukumbi wowote wa shule, wiki moja kabla ya mlango kuvunjwa, huku barua ya mwenye nyumba ikiwa imeshasainiwa na kliniki imeshaambiwa itegemee wagonjwa wangapi wapya.